Sauti ya Mkwe

Zebedayo alipomwona mama mkwe wake anakuja na ungo wa mchele kichwani, alirukia mtaroni. Hakuangalia kwanza mtaro una nini. Ilikuwa Juni, mvua zimekwisha, lakini mtaro ule wa mtaa wa Sogea, Tunduma, haukauki mwaka mzima, kwa sababu ndio unaopokea maji ya vyombo ya mama ntilie wote wa barabara ya juu. Akazama mpaka magotini na suruali yake ya kitambaa, akageuza uso ukutani, akatulia kama mtu anayesoma tangazo.

Nesta, yule mama mkwe, naye alijifunika uso kwa kitenge, ungo ukayumba, mchele ukamwagika kidogo, akapita mbio upande wa pili.

"Mama Eva! Mkweo anaoga huku!" alipaza sauti Tupokigwe, muuza dagaa, ambaye meza yake iko ubavuni mwa kibanda cha Nesta.

"Nyamaza wewe, usimtaje!"

"Simtaji mtu. Nasema tu kuna kijana mtaroni, mrefu, mwaka jana kaoa mtoto wa watu."

Barabara ikacheka. Mle mtaroni mabega ya Zebedayo yakatikisika, ikajulikana naye anacheka.

Asiyejua mila za Wanamwanga angedhani watu hawa wana ugomvi. Hakuna ugomvi. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani, hawali pamoja wala hawapishani njia moja, mpaka siku ya kumwingiza. Siku hiyo mama anapika vyakula vyote vya nyumbani, anamfunulia mkwe chungu kimoja kimoja, na kuanzia hapo yule kijana ni mtoto wa ndani. Kabla ya hapo, hata salamu inapita kwa baba mkwe au kwa mke. Zebedayo, dereva wa lori linalokwenda Kitwe, Zambia, alikuwa amemuoa Eva mwaka mzima sasa. Kuingizwa kwake kulipangwa Jumamosi, na Nesta alikuwa ameshaanza kufuga kuku wa siku hiyo, jogoo mwekundu asiyempenda mtu.

Tupokigwe mila hiyo ilimchekesha, ingawa kwao Rungwe kuna ya kwao. "Sisi ni baba mkwe na mke wa mtoto," alisema. "Mimi nimeshajificha kwenye pipa la pombe, shoga yangu. Likiwa na pombe."

*

Nesta aliuza mchele wa bonde la Momba. Mumewe Fanueli alishuka bondeni kuutafuta, akikaa huko siku kadhaa ambako simu haikamati, na safari hii alikuwa amekwenda kwa Mbuke, mama wa Kisukuma anayelima majaruba makubwa ya mpunga na asiyekopesha mtu. "Mchele na hela vipishane mlangoni," ndivyo Mbuke anavyosema, na akisema amesema. Nesta alikuwa na hela hiyo ndani ya kopo la maziwa, kopo ndani ya gunia la pumba, gunia chini ya kitanda. Ndiyo ilikuwa biashara yote. Ikipotea hiyo, lori la Mbuke linageuza kwenda kwa mnunuzi mwingine, na kibanda kinafungwa.

Wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walimjua. Walivuka asubuhi, wakamsalimia, "Mulishani, bamayo," wakatumbukiza mkono guniani, wakanusa, wakanunua. Lakini tangu Eva amfungulie ukurasa wa Fesibuku, walianza kumpigia hata watu wa Kasama na Ndola ambao hawajawahi kumwona.

Eva alikuwa na moyo mweupe na kidole chepesi. Alipiga picha mchele, akaweka. Akaweka namba ya simu ya mama. Akaweka picha ya harusi. Mwanzoni mwa wiki ile alikuwa ameweka picha ya Zebedayo ameegemea lori, na maneno haya chini: "Mume wangu yuko safari Kitwe, Jumamosi anaingizwa kwa mama mkwe wake Nesta, mwenye mchele bora Tunduma. Mungu amlinde njiani."

"Haya yote yanasomwa na nani?" Nesta aliuliza.

"Watu wote, mama."

"Hata wasiotujua?"

"Hao ndio tunaowataka, mama. Ndiyo biashara."

Nesta alifurahi, kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Lakini lile neno "watu wote" hakulipenda. Mama akisikia kitu kama hicho asikipuuze. Yeye alikipuuza.

*

Ujumbe uliingia Alhamisi. Eva alikuwa amekwenda kliniki Vwawa na ujauzito wake. Fanueli na lori la mchele walitegemewa jioni. Nesta alikuwa peke yake kibandani na ile simu ya tachi, anapepeta, simu ikalia kama ndege. Akatazama, akamwona Zebedayo kwenye kioo, ile picha ya kuegemea lori.

Haraka akajifunika uso.

Kisha akajiona mjinga, akafunua jicho moja, akaanza kusoma kwa kidole.

"Shikamoo mama. Ni mimi mkweo Zebedayo. Mama nimepata matatizo. Gari limezuiwa kwenye mzani huku Zambia wanataka faini. Simu yangu imeibiwa natumia ya mwenzangu. Tuma laki sita kwenye namba hii ya dereva wa Tanzania atanibadilishia kwacha. Kabla ya saa nane mama, la sivyo nalala ndani na Jumamosi siwahi. Usimwambie Eva atashtuka na hali yake."

Mwisho wake palikuwa na namba.

Nesta alisoma tena na tena. Kila alipofika penye Jumamosi, alianza upya. Akatoka nje na simu kaishika kwa ncha za vidole.

"Tupokigwe. Njoo usome hapa. Usipige kelele."

Tupokigwe alisoma huku midomo ikicheza. "Mwe! Maskini. Lakini mbona kakuandikia wewe?"

"Ndicho ninachojiuliza. Lakini kuandika si kusema. Wazee walituzuia kusema. Fesibuku hawakuijua."

"Mpigie basi, umsikie mwenyewe."

"Nimpigie mkwe?" Nesta alitazama huku na huku kana kwamba mtu kasikia. "Una akili? Nikishamsemesha leo, Jumamosi namfunulia chungu cha nini?"

"Basi nipe namba yake, nipige mimi. Mimi si mkwe wa mtu hapa."

"Namba yake sina."

"Huna namba ya mkweo?"

"Ya nini? Nimwambie nini?"

Wakajaribu simu ya Eva, imezimwa. Wakajaribu ya Fanueli, yule dada wa mtandao akawaambia hapatikani, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza.

"Subiri mwanao arudi," alisema Tupokigwe.

"Saa nane itakuwa imepita. Mtoto wa watu alale ndani kwa sababu mimi nasubiri? Mama yake atasema nini? Atasema hata laki sita zilinishinda."

"Na Mbuke jioni?"

"Mbuke nitampigia magoti."

"Mbuke hapigiwi magoti, mwenzangu. Yule anapigiwa hesabu."

Lakini Nesta alikuwa ameshaingia nyumbani kwake, nyuma ya kibanda. Alirudi na kopo limefungwa kwenye kanga, amekaza uso. Tupokigwe alifunika dagaa wake kwa turubai, akamfuata, kwa sababu hakuna rafiki wa kweli anayemwacha mwenzake aende kufanya jambo kama hilo peke yake.

*

Kwa wakala palikuwa na foleni. Wakala mwenyewe, Josephat, ni kijana wa maneno, na kibanda chake kimebanwa na wabadilishaji kwacha na wauza ndizi. Zamu ya Nesta ilipofika, akasukuma hela dirishani, akainua simu.

"Soma namba, mama."

Nesta alisoma taratibu, tarakimu moja moja. Watu walikuwa wanasikiliza.

"Endelea."

"Zimekwisha."

"Hazijakwisha, mama. Namba ya simu ni tarakimu kumi. Hizi tisa unatuma wapi, mbinguni?"

Foleni ikacheka. "Mama, kasome kwanza ndiyo uje," alisema mwanamume mmoja nyuma. Nesta alihisi masikio yanawaka. Darasa la saba alimaliza, na hesabu alikuwa wa pili, lakini huwezi kuieleza foleni habari hizo. Akarudisha hela kwenye kopo, akasogea pembeni, akaandika: "Namba haijatimia."

Aliyekuwa upande wa pili alikuwa na haraka kuliko yeye. Hakuandika. Alipiga.

Simu ile ilikuwa ya Kichina, yenye spika ya kusikika mpaka Nakonde, na Nesta alipogusa, akagusa pote.

"Haloo mama mkwe! Mambo vipi? Zebedayo hapa! Malizia na saba hiyo namba. Fanya fasta basi mama yangu, nakufa njaa huku!"

Nesta alichuchumaa. Hakuamua kuchuchumaa, mila ilimwamulia. Akavuta kitenge usoni, simu ikabaki mapajani inapiga kelele, "Haloo? Haloo, mama mkwe wangu?" Mwanamke mmoja wa Zambia aliyekuwa anabadilisha kwacha akamwinamia. "Bamayo, cinshi? Kuna nini, mama?"

Chini ya kitenge palikuwa na giza na harufu ya pumba. Nesta alisikia aibu imempanda mpaka kichwani, mkwe amemsemesha, tena hadharani, tena kwa "mambo vipi". Akamwonea huruma Zebedayo, njaa imemharibu. Kisha, mle mle gizani, akauona mtaro.

Akaiona suruali ya kitambaa ndani ya maji ya vyombo. Akaviona viatu, vipya, vimezama. Mtu aliyefanya vile ili asipishane naye njia, bila kusema hata neno, leo anampigia simu na kumwuliza mambo?

Akafunua uso.

"Tupokigwe," alisema polepole. "Huyu si mkwe wangu."

"Umejuaje?"

"Anaongea na mimi."

Akasimama. Na kwa kuwa mtu yule hakuwa mkwe wake, hakuna mila iliyomzuia kumsemesha. Akainua simu mbele ya mdomo kama kipaza sauti cha kanisani.

"Ee, baba. Nakusikia. Pole na njaa."

"Asante mama! Umeshatuma?"

"Natuma sasa hivi. Hebu nikumbushe, baba, mara ya mwisho ulipokuja nyumbani nilikupikia nini?"

"Ah, mama! Si kuku? Kuku wako sijawahi kumsahau!"

Mama mmoja wa Kinamwanga kwenye foleni akashika mdomo.

"Na mimi nilikaa wapi wakati unakula?"

"Si pembeni yangu hapo, mama! Tukala sahani moja, wewe ndiye uliyenimegea finyango!"

Foleni ililipuka. Wanamwanga waliangukiana mabegani. Walioelewa wakawaeleza wasioelewa, nao wakacheka kwa kuchelewa. Josephat alitoa kichwa chote dirishani. Yule mwanamume wa "kasome kwanza" alikuwa anafuta machozi.

"Sahani moja!" alipiga kelele Tupokigwe. "Mtu hata kivuli cha mama mkwe anakiruka!"

"Basi njoo Jumamosi, baba," alisema Nesta kwenye simu, "umalizie na mifupa."

Simu ikakatwa.

Watu walimpigia makofi. Nesta alitabasamu nao, halafu akakaa kwenye jiwe la wauza ndizi, akalikumbatia kopo kwa mikono miwili.

"Mama," Josephat alisema, safari hii bila utani, "ungekuja na namba kamili ningetuma. Mimi natuma ninachosomewa. Wiki iliyopita mama mmoja wa vitenge alisimama hapo hapo ulipokuwa, mtoto wake kaumwa shuleni, eti. Nikatuma. Mtoto alikuwa mzima, anacheza mpira. Sasa hivi yule mama anauza vitenge vya mwenzake, kwa kibarua."

Hakuna aliyecheka hapo. Wenye simu mkononi walizitazama.

*

Jioni lori la mchele lilifika, Fanueli ametapakaa vumbi mpaka kope, na Mbuke amekaa mbele na dereva, kibuyu cha maziwa ya mgando miguuni kwa ajili ya sherehe. Mchele ukashuka, hela ikapanda, vikapishana mlangoni. Habari ilikuwa imeshawafikia kabla hawajazima injini.

"Mama Eva," alisema Mbuke, "ungetuma, mimi ningegeuza gari. Ningekusikitikia sana, lakini ningegeuza."

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekupikia."

Fanueli alicheka mpaka akakohoa vumbi. "Kwa hiyo mtaro wa Sogea ndio umetulindia mtaji! Na mimi kila siku nalalamika haufukiwi."

Eva hakucheka. Alikuwa amerudi kutoka kliniki, amesikia yote kwa Tupokigwe pamoja na vionjo, na sasa amekaa kwenye kigoda macho mekundu. "Ni mimi, mama. Nimeweka jina lako, jina la Zebedayo, safari, Jumamosi, kila kitu. Nimemwandikia mwizi somo zima. Naufunga huo ukurasa leo leo."

"Usifunge. Mteja wa Kasama atatupatia wapi?" Nesta alimsogelea, akakaa chini kabisa, miguu kainyoosha. "Toa mambo ya nyumbani, bakiza mchele. Mwizi akitaka kujua mchele wetu hauna mawe, ajue. Mumeo yuko wapi, mimi nalala wapi, tumbo lako lina miezi mingapi, hayo hayauzwi."

"Ndiyo, mama."

"Na mtu akisema usimwambie fulani, huyo huyo fulani ndiye wa kwanza kuambiwa. Akisema haraka, sisi tunakaa chini tunakunywa chai. Picha si mtu, Eva. Mimi leo nimeifunikia uso picha! Hela haitoki humu ndani mpaka tumesikia sauti tunayoijua, kwa namba tunayoijua."

"Hata mteja akituma meseji kwamba ameshalipa?"

"Hasa huyo. Mchele hautoki mpaka salio tuliangalie wenyewe."

Fanueli alikuwa anavua viatu. "Sauti tunayoijua," alirudia. "Wewe ya mkweo unaijua?"

Nesta alifikiri. Alichokijua ni kile kicheko cha mtaroni, basi, nacho kilikuwa cha mabega tu.

"Siijui," alisema.

Usiku huo Eva na wenzake waliripoti ile akaunti bandia yenye picha ya Zebedayo, kila mtu kwa simu yake, ikaondolewa. Zebedayo, ambaye muda wote ule alikuwa anasubiri mzigo kwenye yadi ng'ambo, mzima na ameshiba, aliposimuliwa na Eva alimpigia baba mkwe. Fanueli akasikiliza, akacheka, akapeleka ujumbe jikoni kama ilivyo desturi.

"Mkweo anasema, siku akikwama kweli atalala njaa wiki nzima kabla hajakupigia wewe."

"Mwambie ni ujinga," alijibu Nesta akiwa amekipa chumba kisogo. "Mwambie pia namshukuru."

*

Jumamosi Sogea nzima ilinukia. Yule jogoo mwekundu alikuwa ametulia hatimaye. Kulikuwa na ugali wa ulezi, maharage, wali wa Mbuke, mlenda, kikanda cha mizizi iliyopondwa na karanga, na maziwa ya mgando ambayo si mila ya hapa, lakini hakuna aliyethubutu kuyakataa. Zebedayo aliketi mkekani kati ya rafiki zake wawili, kichwa chini, koti limembana. Viatu vilikuwa vile vile, vimeoshwa vikaoshwa.

Nesta aliingia akiwa amefunikwa kitenge kipya, Tupokigwe akimwongoza kama bibi harusi na kumkanyaga makusudi. Akapiga magoti mbele ya vyungu, akafunua cha kwanza, vigelegele. Cha pili, vigelegele. Alipofika kwenye kuku, Josephat wakala, aliyekaribishwa siku ile ile ya tukio, akashindwa kujizuia.

"Mama, huyu ndiye wa mara ya mwisho?"

Watu walicheka mpaka wazee wakagonga fimbo. Bibi mmoja wa ukoo akasema sasa imetosha, mama amfunulie mkwe na uso. Kitenge kikashuka. Zebedayo akainua macho, akayashusha, akayainua tena. Jasho lilikuwa linamtoka na baridi yote ile ya Juni.

"Shikamoo, mama," alisema.

Sauti ilikuwa nzito kuliko Nesta alivyodhani, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini. Haikufanana hata kidogo na ile ya kwenye simu. Nesta aliinamisha kichwa pembeni, akasikiliza mpaka ikaisha.

"Marahaba, baba," alisema. "Sema tena."

"Shikamoo, mama."

"Tena."

"Mama Eva, mwache mtoto ale!" alilalamika Fanueli. "Ugali unapoa."

"Upoe," alisema Nesta, na macho yalikuwa yamemjaa maji na anacheka. "Nimengoja mwaka mzima, na mwizi akanitangulia. Sema tena, mwanangu. Nataka niijue."